Pale Rangi Isiposhika

Sufu haipendi kushtuliwa, ndiyo maana Sabra alikuwa amechutama uani akipima maji kwa kiwiko, kama mtu anayejiandaa kumwogesha mtoto mchanga. Maji yalipofikia uvuguvugu alioutaka aliyakamulia ndimu, akakoroga rangi ya unga, halafu akazamisha sweta moja moja, taratibu, bila kuzisugua. Zilikuwa sweta za wanafunzi waliochaguliwa kwenda shule za bara, kule Songea na Makete, ambako watoto wa Mtwara hufika na mashati mepesi wakaanza kukohoa kabla hawajaonyeshwa vitanda vyao. Wazazi walinunua mtumba wa rangi yoyote, nyekundu, njano, wenye picha za wanyama wa pembe ndefu, na Sabra akazigeuza sweta zote kuwa za bluu. Alikuwa amepanga chumba cha uani huko Shangani, nyuma ya nyumba zinazotazama bahari, na kamba zake za kuanikia zilizunguka ua mzima, kiasi kwamba jirani yake Gladness, aliyekuwa akikaanga mihogo barabarani, alizoea kutoka chumbani kwake ameinama.

"Hodi, shemeji."

Alikuwa Gaudensi, na kwapani alibana kiroba. Zamani alikuwa rafiki wa Sudi, mume wa Sabra. Sasa alikuwa mlinzi nyumbani kwa diwani, Mheshimiwa Bwanaheri, na kwa Sabra alikuwa hajafika muda mrefu.

"Karibu," Sabra alisema, bila kuinuka.

Gaudensi alifungua kiroba akatoa koti refu la sufu, zito, la rangi ya maziwa. "Ni la Mheshimiwa. Madiwani wanakwenda Njombe ziara ya mafunzo, kuangalia mashamba ya maparachichi. Kule sasa hivi baridi haina mchezo. Anataka liwe jeusi. Anasema hivi lilivyo linaonekana la kike."

"Anajua ni mimi nitakayelitia rangi?"

"Anajua."

"Na bado akakutuma?"

Gaudensi alitazama sweta za bluu kwenye karai. "Amesema Mtwara nzima sufu unaijua wewe. Hana neno na wewe, shemeji."

"Liache hapo," Sabra alisema.

Sudi alikuwa mkulima wa korosho wa Mahurunga. Masika ya mwaka mmoja, mto Ruvuma ukiwa umejaa, aliitwa msibani upande wa Msumbiji, akapanda boti ya Bwanaheri kwenye kivuko cha Kilambo. Boti ilijaa watu, na katikati ya watu Bwanaheri alikuwa amepakia pikipiki mpya za kwenda kuuza ng'ambo. Kwenye mkondo mkubwa maji yaliiinua boti upande mmoja, watu wakamwagika. Pikipiki hazikumwagika kwa kuwa zilifungwa kamba. Waliomwagika waliishika boti ubavuni, nayo ikaanza kulala. Bwanaheri alikuwa amesimama ndani. Alichukua kasia akawapiga vidole, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka boti ikawa nyepesi. Pikipiki zilifika ng'ambo hata vioo havikupasuka.

Haya yote Sabra aliyasikia kwa Gaudensi, aliyekuwa miongoni mwa waliomwagika, akatupwa na mkondo kwenye fungu la mchanga. Alimsimulia matangani, kidole chake kimefungwa kijiti, na alimsimulia mara moja tu. Tume ya uchunguzi ilipokuja kuuliza ilimkuta amekwisha kupata kazi ya ulinzi kwa Bwanaheri. Aliiambia kuwa kulikuwa na ukungu. Tume ikaandika kuwa ilikuwa ajali ya maji, na kuwa miili isiyoonekana ililiwa na mamba. Mwili wa Sudi haukuonekana. Watu wa Mahurunga walimsalia swala ya ghaibu, Sabra akakaa eda, na alipotoka edani Bwanaheri alikuwa anaapishwa kuwa diwani. Tangu hapo, kila baada ya swala, Sabra alimwomba Mungu jambo moja tu, na halikuwa subira.

Alilichukua koti akaliweka mapajani. Lilikuwa sufu tupu, nzuri, ya kondoo wa nchi za mbali. Alilinusa. Lilinuka mafuta mazuri na jasho kidogo la Bwanaheri, ambaye bila shaka alikuwa amelijaribu mbele ya kioo. Hapo ndipo shauri lilipomjia, likiwa kamili, halihitaji kufikiriwa.

Sufu ikichemshwa kisha ikatiwa maji baridi hujikunja. Hukaza, hunywea, huwa ngumu kama gamba, na hairudi tena. Kila mtu anayeifua kwa pupa hulijua hilo kwa hasara. Sabra alijua zaidi: alijua namna ya kuiacha katikati ya njia, ikiwa imeanza kukaza lakini bado inavalika, ili manyunyu ya Njombe na joto la mwili wa mtu vije kuimalizia kazi. Koti lingembana Bwanaheri akiwa mbele ya wenyeji wake, kifungo kwa kifungo, mbavu kwa mbavu. Hakutaka afe hapohapo. Alitaka kwanza avute pumzi na asiipate, aangalie huku na huku, aone watu wamesimama wanamtazama.

Kwa rangi nyeusi hakutumia ya unga. Alikuwa na magome ya mkoko aliyoletewa kutoka mdomo wa Ruvuma, ya miti iliyoanguka yenyewe, kule ambako mto hutua vyote ulivyobeba. Aliyatwanga, akayachemsha kwenye pipa mpaka maji yakawa mekundu kama damu ya kuku, akayachuja. Kisha akamimina siki aliyolowekea misumari yenye kutu, na maji yakageuka meusi mbele ya macho yake. Akalizamisha koti. Akaongeza mkaa. Hakuwahi kuharibu sufu kwa makusudi maishani mwake.

Alipoona yatosha, alichukua mti wa kukorogea ili alinyanyue. Koti halikuja. Alivuta, nalo likavutwa kwa chini. Akapanda kwenye kigoda, akashika mti kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu za kilimo alizotoka nazo Mahurunga, na walioko chini nao wakavuta. Walivutana hivyo mpaka mkaa ukaanza kufifia. Mwishowe waliliachia, wote kwa pamoja, na Sabra nusura aanguke chali.

Koti lilikuwa jeusi tii, isipokuwa pale lilipokuwa limeshikwa. Lilikuwa na mikono yake miwili, kama makoti yote, na juu ya hiyo lilikuwa na mikono ya watu. Kila kiganja kilichong'ang'ania kiliikinga sufu isipate rangi, kwa hiyo viganja vyote vilibaki na weupe wa maziwa, vidole vimeonekana wazi hadi mikunjo. Vilianzia kwenye pindo, vikapanda ubavuni, vingine vikafika kwenye viwiko. Vyote vilishika kwa kutokea chini, kama mtu aliye majini anavyomshika aliyesimama. Na katika kila mkono, kwenye vifundo vya vidole, ulipita mstari mweusi ulionyooka, mwembamba, wa upana wa ncha ya kasia.

Sabra alilitandika koti juu ya mkeka kivulini akaanza kuiangalia mikono, mmoja mmoja. Kulikuwa na mkono wa mwanamke mwenye pete. Kulikuwa na viganja vidogo. Karibu na pindo la nyuma, ukiwa umeshika kwa nguvu kuliko yote, ulikuwapo mkono wa kushoto ambao kidole chake cha kati kilikuwa kifupi. Sudi alikikata na kisu cha kubangulia korosho mwaka waliooana, na Sabra mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa.

Aliweka kiganja chake juu ya kile. Kilikuwa na joto, na halikuwa joto la maji ya rangi, maana koti lote lilikwisha poa.

Gladness alitoka chumbani kwake ameinama, akasimama. "Hii rangi haikushika vizuri, dada Sabra."

"Imeshika kote. Haikushika waliposhika wao."

"Kina nani?"

"Wale wa Kilambo."

Gladness aliangalia, akawatambua wawili waliokuwa wateja wake wa mihogo. "Maskini," alisema. "Na huyo?"

"Ni Sudi."

"Basi nikuletee uji," Gladness alisema, "maana huondoki hapo leo."

Sabra alilirudisha koti kwenye rangi mara ya pili, kwa sababu ndivyo fundi anavyofanya, na lilitoka vilevile. Alilianika kivulini. Lilipokuwa likikauka hakupokea kazi nyingine. Alikaa chini ya kamba, kiganja kwenye kiganja, akamweleza Sudi habari za shamba la Mahurunga, kuwa kaka zake wamelichukua, kuwa mikorosho ya bondeni imeungua, kuwa yeye hana hamu ya kurudi huko. Alipotaja jina la Bwanaheri mkono ulikaza kidogo.

Siku ya kuchukuliwa koti ilipofika, Sabra alitoa mkasi. Alitaka kukata kipande cha pindo, chenye mkono ule tu, akiweke ndani ya foronya. Nani angemlaumu? Pindo lingeshonwa, na koti refu likiwa fupi kidogo halimuui mtu. Alifungua mkasi akauweka kwenye sufu, na pale pale akaona lilivyo jambo lenyewe. Akimkata Sudi akambakiza, atakuwa na mumewe kwenye foronya, na Bwanaheri atakwenda Njombe akiwa ameshikwa na watu pungufu. Tena aliyeshika kwa nguvu kuliko wote ndiye atakayekosekana.

"Nenda nao," alimwambia Sudi, akaufunga mkasi. Alilia, lakini kidogo, kama mtu anayekata kitunguu.

Gaudensi alikuja na gari la diwani. Alipoliona koti kwenye kamba alilisogelea, akalizunguka, akasimama upande wa kulia. Polepole aliinua mkono wake wenye kidole kilichopinda, akauweka juu ya mmoja wa mikono myeupe. Uliingia sawasawa, hadi pale kidole kilipopinda.

"Huu wangu," alisema.

"Nimeuona."

"Mimi sikufa, shemeji."

"Ulishika kama wenzako, basi umo. Sasa utasema?"

Gaudensi aliutoa mkono akauficha mfukoni. "Nina watoto."

"Waliokufa nao walikuwa na watoto," Sabra alisema, na kama macho yangekuwa kasia Gaudensi angerudi mtoni siku ile.

Bwanaheri mwenyewe alishuka garini, kwa kuwa alichoka kusubiri. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, ya kuadhini. Alisimama mbele ya koti, mikono nyuma, kama anavyokagua madarasa mapya.

"Nilisema jeusi, Sabra."

"Jeusi hilo, Mheshimiwa."

"Na hii?"

"Unaijua."

Bwanaheri aliangalia mistari ya kwenye vifundo, kwa muda wa kutosha kuimaliza yote. "Ulirudia?"

"Nilirudia."

"Haitoki?"

"Haitoki."

Alishusha pumzi. "Haya. Gari linaondoka alfajiri, na koti jingine sina." Akageuka, akapitisha mikono nyuma ili avalishwe. Sabra ndiye aliyemvalisha, na ndiye aliyemfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alihisi wale wengine wakimsaidia kuvuta.

Habari za Njombe zililetwa na Gaudensi baadaye. Wenyeji walilisifia koti wakauliza jina la fundi. Siku ya pili manyunyu yalianguka shambani, na koti likakaza kama Sabra alivyolipanga. Usiku Bwanaheri alipotaka kulivua mikono haikumwachia, ikabidi alale nalo. Diwani aliyelala kitanda cha pili alimwambia kuwa hata kwao kuna mambo ya namna hiyo, na kuwa atumie mito miwili asikorome.

Aliporudi Mtwara, joto lilikuwa linamsubiri. Mkewe, Bi Mariamu, alijaribu kulikata koti kwa mkasi wa cherehani. Mkono wenye pete uliupokea mkasi ukauweka chini, kwa upole, na Bi Mariamu hakujaribu tena. Sheikh alisoma Yasini, akasema hao ni waja wa Mungu wanaomshikilia mtu wao, na yeye hana dua ya kuwatenganisha. Hospitali walimshauri anywe maji mengi. Kwa hiyo Bwanaheri aliendelea na kazi zake ndani ya koti. Alihudhuria vikao ndani ya koti, alizika watu ndani ya koti, alikaa barazani jua la Desemba likiwaka na jasho likimtoka mpaka viatu vikalia chwa, chwa, kila anapopiga hatua.

Hizo zilikuwa siku njema za Sabra. Jioni, watu wa Shangani wanapotoka kutembea ufukweni, alinunua muhogo kwa Gladness, wenye pilipili na chumvi ya kutosha, akaenda kutembea nyuma ya Bwanaheri. Alitafuna tu, akimtazama mgongo, akisikiliza ile chwa, chwa. Bwanaheri akisimama kupumua, na yeye akasimama. Alipata hamu ya kula ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Mashavu yalijaa, wateja wakamwambia amependeza, akawaambia ni hewa ya bahari. Alikuwa anangoja. Aliona kuwa mtu hawezi kutembea mjini na ushahidi wote ule mwilini bila siku moja mtu mmoja kumshika bega na kumwuliza. Na akiulizwa na mmoja, watamwuliza wote.

Aliyemshika alikuwa mzee mmoja wa Mahurunga, sokoni, mchana, mbele ya watu. Sabra alikuwapo, ananunua ndimu. Alipoona mzee ameng'ang'ania koti alidondosha kikapu, akasogea asikie.

"Mheshimiwa," mzee alisema, "huu mdogo hapa ubavuni ni wa binti yangu. Naomba niushike."

Bwanaheri alitazama huku na huku. Soko lote lilikuwa likimtazama. Akainua mkono wake ili ubavu uonekane vizuri. "Shika, mzee wangu. Shika, usiogope."

Mzee aliushika, akafunga macho. Na watu wa sokoni, ambao Sabra alitegemea wataokota mawe, wakasema, "Mungu ambariki diwani wetu."

Baada ya hapo walikuja wengi, mpaka ikabidi Bwanaheri atenge siku ya Alhamisi. Ofisini kwake waliweka mabenchi na ndoo ya maji ya kunywa. Wafiwa walipanga foleni, wengine wametoka mpaka ng'ambo ya mto, wakaingia mmoja mmoja, wakamshika mtu wao, wakamweleza ya nyumbani, wakatoka wanajifuta macho na kumshukuru Mheshimiwa. Yeye alikaa kwenye kiti kisicho na mgongo ili afikike kila upande. Uchaguzi ulipokaribia, picha yake ilibandikwa kwenye nguzo zote kuanzia mjini hadi Kilambo, amevaa koti, na chini yake maneno: ALIYESHIKWA NA WATU.

Sabra alikwenda Alhamisi moja, amevaa baibui lake la msibani. Hakupanga foleni. Alipita moja kwa moja hadi mbele ya kile kiti, akageukia mabenchi.

"Mmeishika mikono yote hii," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeuona huu mstari? Hakuna anayeuliza kwa nini vifundo vyote vimevunjika sehemu moja?" Kisha akamgeukia Bwanaheri. "Waambie. Waambie ulikuwa umeshika nini."

Bwanaheri hakukasirika. Alikuwa amechoka, na jasho lilimdondoka kidevuni. "Wanajua, Sabra," alisema. "Muulize yeyote."

Sabra aliwatazama. Mzee wa Mahurunga alikuwa anaangalia ndala zake. Gaudensi, mlangoni, alikuwa anaangalia bahari. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyefunga kitambaa cha njano, ndiye aliyemjibu.

"Tunajua, dada. Tulijua tangu msibani. Lakini mimi leo nimemshika mwanangu. Huyu akifungwa, koti litakwenda naye gerezani, na mimi nitamshika wapi?"

"Kaa, mama," mwingine alisema. "Unatuchelewesha."

Kulikuwa na nafasi upande wa nyuma wa kiti. Sabra hakuwa na pa kwenda, akainama pale. Sudi alikuwa palepale kwenye pindo, amekaza, kidole chake kifupi kimezama katika sufu. Aliweka kiganja chake juu yake. Ghadhabu aliyokuja nayo haikupungua hata chembe. Ila ilikosa pa kupita kinywani, ikashuka mkononi. Akakishika kidole gumba cha Sudi, akakibandua kwenye sufu kama mtu anayebandua kupe, akakisogeza juu kidogo. Kilikubali. Kikashika pale kilipowekwa. Akakisogeza na cha pili.

"Mama, muda wako," karani alisema.

Tangu hapo alirudi kila Alhamisi, akapanga foleni kama wengine. Aliamkia, akaketi nyuma, akafanya kazi. Mkono wa Sudi ulipanda kutoka pindoni hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi katikati ya mgongo, na ile mingine, ilipoona mwenzao anapanda, ikaanza kumfuata bila kubanduliwa na mtu. Bwanaheri alihisi yote.

"Huyu wako ana nguvu," alimwambia siku moja, bila kugeuka.

"Alikuwa mbangua korosho," Sabra alisema.

"Unamtaka afike wapi?"

"Unapajua."

Bwanaheri aliitikia kwa kichwa, akaomba maji. Angeweza kumkataza asije tena. Lakini picha zilikwisha bandikwa, na mjane wa Kilambo aliyekuja kila wiki alionekana vizuri kwenye foleni.

Alishinda uchaguzi kwa kura nyingi. Siku ya kuapa Sudi alikuwa amefika begani, na masika yalipoanza alikuwa ameizunguka kola. Mikono mingine ikajipanga juu yake, mmoja juu ya mwingine, mpaka shingo ya Bwanaheri haikuonekana, ilionekana mikono tu. Sabra alikaa nyumbani akingoja kusikia tangazo la msiba kutoka msikitini. Halikusikika. Ile mikono ilikaba, na Bwanaheri akabaki hai. Sauti yake nzuri ilitoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba la mwisho wa mwezi, kwa hiyo halmashauri ikamnunulia kipaza sauti cha kuvaa sikioni. Chakula kigumu hakikupita, akawa anakunywa uji kwa mrija. Bi Mariamu alisema kuwa amepungua unene na presha imeshuka.

Mwezi wa tatu Bwanaheri alizindua boti mpya pale Kilambo. Ilikuwa kubwa, imepakwa rangi ya kijani, ina injini mbili. Watu walikusanyika ukingoni, kukawa na ngoma na soda, na Sabra akaenda, kwa kuwa alitaka kuona kama mbele ya maji yale mikono itafanya kazi yake. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Bwanaheri alisimama juu ya jukwaa akiwa ndani ya koti lake, akaongea kwenye kile kipaza sauti kwa mkoromo ambao watu walikwisha uzoea na kuuelewa. Alisema kuwa wananchi wa kata yake wamemshika, na yeye hatawaachia. Walipiga makofi. Mikono shingoni ilikaza, akakohoa, akanywa uji, akaendelea.

Katikati ya boti walipakia magunia ya saruji, wakayafunga kamba. Watu wakapanda baadaye, wakakaa juu ya magunia, na magunia yalipojaa wakakaa ukingoni mwa boti, miguu ndani, migongo nje. Gaudensi, aliyepandishwa cheo akawa msimamizi wa abiria, alikuwa amesimama kwenye ubao wa kupandia.

"Bado wawili!" alikuwa akiita. "Wawili tu, tunaondoka!"

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimpita Sabra mbio. Sabra alimshika kanga. "Mwanangu, usipande. Angalia maji yalipofika."

Mwanamke aliyaangalia. Yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kuingia ndani. "Naona, mama," alisema. "Lakini nawahi maziko ng'ambo, na boti nyingine ni kesho." Akaivuta kanga yake taratibu, kwa adabu, mpaka Sabra akaiachia, akapanda. Wenzake walimsogezea nafasi, akapata pa kukaa ukingoni.

"Bado mmoja!" Gaudensi aliita.

Alipanda mmoja. Injini zikanguruma, boti ikajitoa kwenye matope ikaingia mtoni, nzito, na Bwanaheri, juu ya jukwaa, akainua mkono wake akawapungia. Abiria nao wakainua mikono yao wakampungia.